Chaki ya Njano Mgongoni

Mume wake alimwacha kwa simu. Wakati huo alikuwa anaosha sufuria. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye dirisha la jikoni, spika imefunguliwa, na yule mwanamume aliyekwenda mbali kutafuta maisha akaeleza taratibu kwamba huko ameshapata mtu, ndoa imeshafungwa, na yeye asikae kumsubiri. Alisema "usikae kunisubiri" kwa sauti ya mtu atakayechelewa chakula cha mchana. Yeye akajibu, "Haya." Simu ikakatika. Akamaliza kusugua ile sufuria, akaisuuza, akaifudikiza, akavaa koti la kazi, akaenda zamu.

Ganzi ilianzia hapo. Watu walingoja alie. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alihamia kitandani kwake, akawa analala jicho moja wazi akingoja kilio kije amshike. Kilio hakikuja. Mdogo mtu alikula alipoambiwa ale, akaoga, akaenda kazini, akacheka wenzake walipocheka, ila alichelewa kidogo, kama mtu anayengoja kutafsiriwa mzaha. Siku moja aliungua kifundo cha mkono kwa chuma cha moto, akajua kwa kuambiwa na jirani yake kwamba kuna harufu ya ngozi.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Kiwandani walimwita Kiganja. Kilikuwa kiwanda cha matairi, na yeye na Dada walikuwa chumba cha ukaguzi. Huko tairi hufika kwa mkanda likitoka tanurini, lingali na joto, limeota vinyweleo vya mpira mwili mzima kama kifaranga. Mkaguzi hulivuta mezani, akalizungusha chini ya taa, akatazama mbavu zake, halafu akapitisha mkono ndani kutafuta malengelenge, yaani hewa iliyonaswa kati ya mpira na nyuzi. Lengelenge dogo huwezi kuliona ukiwa na haraka. Barabarani, gari likikimbia na watu, ndilo linalopasuka. Wenzake walitegemea macho. Yeye alifumba macho akaacha kiganja kitafute. Tairi bovu lilipigwa msalaba wa chaki ya njano likawekwa kando. Misalaba ya Dada ilikuwa mikubwa kuliko ya wote. Ungeisoma ukiwa getini.

Kisha akaja fundi wa kamera. Alitumwa na kampuni ya mji mwingine, na sanduku lake gumu la vifaa, kuja kufunga juu ya mkanda kizimba cha taa na kamera kitakachotazama kila tairi na kuamua chenyewe: zima, lipite; bovu, likae. Wanawake wakambatiza Bwana Picha. Mashine, alieleza, haizaliwi inajua. Inaonyeshwa picha, maelfu ya picha, hili zima, hili bovu, mpaka ishike. Akaomba mkaguzi mmoja akae naye amfundishie. Meneja akamtoa Kiganja.

Wakakaa kwenye kijichumba cha vioo, viti viwili na skrini moja. Kwa kuwa fundi hakuwa mtu wa matairi, wakaguzi walimwekea chaki penye ubovu ili apaone. Yeye aliomba ifutwe kabla hajapiga picha. Kiganja alifuta yake kwa mkono. Dada hakufuta, alisema hapokei amri kwa mtu aliyekuja juzi. Fundi, ambaye kufikia hapo alikuwa na sababu zake za kutotaka kumuudhi Dada, alinyamaza akapiga picha hivyo hivyo.

Sababu zake kila mtu alizijua. Alikuwa akimletea Kiganja kikombe cha chai na kugeuza mkono wa kikombe uelekee upande wake. Alikuwa akimuuliza jambo la tairi, akajibiwa, akasahau kuandika, akauliza tena.

"Unapotafuta ubovu unafumba macho," alimwambia siku moja.

"Macho yanadanganya."

"Mimi mashine yangu haina kingine ila macho. Nataka ione kama wewe."

"Basi haitahisi kitu," Kiganja akasema.

Fundi hakucheka, wala hakumpa pole. Alimtazama tu, kwa muda, na yeye akaona kwamba anatazamwa, akaendelea kunywa chai. Wiki iliyofuata fundi akamwomba akubali kuolewa naye. Alisema akimaliza pale anapelekwa kiwanda kingine, na angependa wafuatane wakiwa mke na mume. Kiganja akatafuta ndani yake kama anavyotafuta ndani ya tairi. Kote laini. Hakuna kilichoinuka, hakuna kilichobonyea.

"Nitakujibu ukimaliza kazi," akasema.

Sasa siku ya kumaliza ilikuwa imefika.

* * *

"Leo shemeji anakabidhi mtoto wake," alisema Redio. Redio alikuwa mkaguzi wa meza ya mwisho, mwanamke mnene, mcheshi, na jina alipewa kwa kuwa hazimiki.

"Shemeji yako na nani?" Dada akamkata. "Mimi sina mdogo aliyeolewa na kamera."

"Usiwe hivyo, mama. Kijana mpole."

"Mpole! Hata mwizi akiwa dirishani huwa mpole. Huyu ni mtu wa sanduku. Kila kiwanda anafungua sanduku, kila kiwanda anafunga. Unadhani sisi ndio wa kwanza kuonyeshwa meno?"

"Basi muulize mwenyewe, huyo anakuja."

Fundi aliingia na koti la bluu lililopigwa pasi, uso wa mtu asiyelala. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hapo tu ndipo hujakosea." Dada akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Hebu geuka. Una utando wa buibui mgongoni."

"Wapi?"

"Geuka nikutolee, bwana, unakwenda kusimama na wakubwa."

Fundi akageuka kwa adabu. Dada, chaki ikiwa imefichwa kiganjani, akampangusa bega kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamchorea msalaba mgongo mzima, ule ule wa matairi. Redio alijiziba mdomo kwa glavu hadi machozi yakamtoka.

"Haya. Umependeza," Dada akasema.

"Ahsante, dada."

Kiganja aliona yote. Hakucheka, hakukasirika. Aliona mistari miwili ya njano ikikatana juu ya koti la bluu, akavuta tairi jingine mezani.

Fundi akamsogelea, sauti chini. "Leo ndiyo leo."

"Najua."

"Nikishakabidhi, gari linanifuata mchana. Ulisema utanijibu."

"Nilisema ukimaliza. Bado hujamaliza."

Akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa zuri, hata Kiganja alijua kwamba ni zuri. Alilijua kama unavyojua mvua inanyesha nje nawe uko ndani na dirisha limefungwa.

* * *

Meneja alikuja na wakubwa wawili wa ofisini. Alikuwa ameshaagiza matairi ya majaribio yakaguliwe kwanza na watu, yatiwe chaki kama kawaida, ndipo mashine iseme, alinganishe. Mkanda ukaanza kutembea. Tairi safi likapita chini ya taa: kijani. Lenye chaki likapita: nyekundu, kengele ikalia. Safi, kijani. Chaki, nyekundu. Haikukosea hata mara moja. Wakubwa wakapiga makofi, meneja akampiga fundi begani, na Dada akatazama meza yake kama mtu anayetazama kitanda cha mgonjwa.

"Sasa yalete moja kwa moja kutoka tanurini," meneja akaamuru. "Hayajaguswa na mtu."

Yakaja, yakapita. Kijani. Kijani. Kijani.

"Mnaona?" meneja akasema. "Hata tanuri limeogopa kamera. Leo hakuna bovu."

Wakacheka. Katika kucheka huko fundi akaona waya umelegea kando ya kizimba. Akainama kuukaza, mgongo ukiwa umeelekea juu, chini ya taa zote.

Kengele ikalia. Nyekundu.

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Redio alishika meza asianguke. "Jamani! Mtoto amemkataa baba!"

"Hata mashine yake imeona hafai," alisema Dada kwa sauti ya juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukafunguka. "Wekeni kando, huyo haendi sokoni!"

Wakubwa walicheka, meneja akacheka, fundi mwenyewe akajipiga paji la uso akacheka, asijue kilicho mgongoni. Wakatoka wote kuelekea ofisini kunywa chai kabla ya kukabidhiana.

Kiganja hakucheka hata kwa kuchelewa. Alikuwa anatazama pale aliposimama fundi. Mashine haikuwahi kuonyeshwa mwanadamu. Haijui bega, haijui koti. Ilichokiona ikalia ni nini?

Akaenda kwenye rundo la matairi yaliyopita kwa kijani. Akafumba macho. La kwanza, laini. La pili, laini. Ndani ya la tatu kiganja kikasimama chenyewe. Lengelenge lilikuwa dogo, la kutosha ncha ya kidole gumba, limeinuka kama kipele.

"Acha," alisema Dada nyuma yake.

Akafumbua macho.

"Nimekwambia acha. Na mimi nimeligusa jingine pale, lina uzi umetokeza ubavuni, limepewa kijani." Dada akashusha sauti. "Hiyo mashine haijui kitu. Inaangalia chaki."

"Inaangalia chaki," Kiganja akarudia. "Ile yako hukufuta. Yangu nilifuta kwa mkono, ukabaki ukungu wa njano. Mazima hayakuwa na kitu. Ndicho ilichojifunza."

"Basi ijifunze. Sisi tunyamaze."

"Dada."

"Nisikilize, mdogo wangu. Yakabidhiwe. Yule aondoke na sifa zake, mimi sina haja ya kumuaibisha mtoto wa watu. Matairi yakianza kurudi, watatuita wenyewe, kwa magoti. Meza zetu zitarudi. Na wewe utabaki nyumbani."

"Matairi hayarudi yenyewe, Dada. Yanarudi na watu."

Dada alikuwa amefanya kazi ile umri mzima na alijua lengelenge ni kitu gani. Akainamia koti lake, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwamo.

"Ukimwambia wanamfukuza," alisema mwishowe. "Leo leo, mbele ya watu. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na huhisi kitu?"

Kiganja akafikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Basi nenda," Dada akasema kwa uchungu. "Mtu asiyehisi kitu ndiye anayeweza kazi kama hiyo."

* * *

Kiganja alimkuta fundi amerudi kwenye kijichumba cha vioo, anakunja nyaya na kuzipanga sandukuni. Vikombe viwili vilikuwa mezani. Mkono wa kimoja ulikuwa umegeuzwa upande wa kiti chake.

"Umekuja na jibu," fundi akasema, akasimama.

"Nimekuja kukuchukua. Njoo."

"Meneja ananisubiri ofisini."

"Atasubiri."

Alimpeleka mpaka kwenye lile tairi. Fundi akalitazama, akamtazama yeye, akatabasamu kwa wasiwasi. "Hili limepita."

"Nipe mkono."

Hawakuwa wameshikana mkono hata siku moja. Wiki zote zile walikaa bega kwa bega, na baina yao siku zote palikuwa na kikombe au tairi. Kiganja akaushika mkono wake pale kwenye kifundo, akauingiza ndani ya tairi, akauongoza polepole juu ya mpira wenye joto.

"Fumba macho," Kiganja akamwambia.

Akafumba. Kwa dakika hiyo alikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote kiwandani, ilionekana usoni. Kisha vidole vyake vikafika, na furaha ikamtoka kama maji kwenye gunia.

"Hiki ni nini?"

"Unakijua. Nimekuonyesha vingi."

"Limepewa kijani."

"Yote yasiyo na chaki yamepewa kijani."

Fundi akafumbua macho. Hakutoa mkono. "Lakini lile jaribio..."

"Yale yalikuwa na chaki. Hata wewe ulikuwa na chaki."

"Mimi?"

"Mgongoni. Dada alikuchora asubuhi."

Akajaribu kujitazama mgongo, akashindwa, akasimama hivyo, shingo imepinda. Mtu mwingine angecheka. Kisha alikaa polepole juu ya lile rundo la matairi.

"Nilimwona akiacha misalaba yake kwenye picha," akasema. "Nilimwona kila siku. Nikasema ni kitu kidogo, nisigombane na dada yako. Nilitaka anipende." Akajipangusa uso. "Nimefundisha mashine nzima kutazama chaki kwa sababu nilitaka nipendwe na dada yako."

"Na mimi sikufuta vizuri. Kosa ni letu."

"Wewe hukuwa na haja ya kuniambia. Ningeondoka, usingeniona tena."

"Ningeyaona matairi."

"Ni hayo tu? Matairi?"

Kiganja akatazama mikono yake. Alitaka kumpa kitu, chochote, kama unavyotaka kumpa mgeni maji nyumba haina maji. "Nimetafuta," akasema. "Nakwambia kweli, fundi. Nimetafuta jibu lako kila siku na sijagusa kitu. Sikuchukii. Ukiingia, najua umeingia. Ni hapo tu nilipofika."

"Ukiingia najua umeingia," fundi akarudia, taratibu, kama mtu anayekunja kitu akitie mfukoni. Akainuka. "Haya. Acha niende nikaseme."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba haioni. Kwamba niliharakisha."

"Mtaje na Dada."

"Dada yako simtaji," akasema. "Ana meza moja tu."

* * *

Ofisi ya meneja ilikuwa na kioo, kwa hiyo wakaguzi waliona bila kusikia. Waliona fundi anaongea amesimama. Waliona wakubwa wawili wanaweka vikombe chini. Waliona meneja anainuka, kidole kinakwenda na kurudi mbele ya uso wa fundi, na fundi hakurudi nyuma. Kisha mlango ukafunguka na sauti ikawafikia.

"...nimeshapiga simu juu nikasema iko tayari! Kampuni yako italeta mtu mwingine, anayejua tofauti ya tairi na ubao wa shule! Chukua sanduku lako!" Meneja akawageukia wanawake. "Na nyinyi, mnatazama nini? Rudisheni yote yaliyopita. Kila moja kwa mkono. Sasa hivi!"

Fundi akapita katikati ya meza na sanduku lake. Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Fundi akamwinamia Dada kichwa kidogo, kwa heshima, akaenda. Msalaba wa njano ukamfuata mgongoni mpaka mlangoni, ukatoka naye.

Kizimba kilizimwa taa. Matairi yakaanza kurudi mezani.

"Amenitaja?" Dada akauliza bila kugeuka.

"Hakukutaja. Alisema una meza moja tu."

Dada alilizungusha tairi lake mara nyingi kuliko tairi linavyohitaji.

Kiganja akavuta lake. Kazi ni kazi. Mkanda ulikuwa bado unaleta mapya na lake lilikuwa limetoka tanurini sasa hivi, na alikuwa hajavaa glavu, maana hakuwa amevaa glavu miaka miwili. Akafumba macho, akaingiza mkono.

Akautoa kwa nguvu. Tairi likayumba, likaanguka sakafuni, likazunguka likazunguka mpaka likalala.

"Nini?" Redio akauliza.

"La moto," Kiganja akasema. Alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kiganja kilikuwa chekundu. "Dada. Inauma."

Dada akageuka haraka. "Umeungua? Lete nione. Mkono wote?"

"Mkono." Akashika bega, akashika kifua. "Na si mkono. Dada, inauma. Inauma kote, sijui nishike wapi."

Ile miaka miwili ya kulala jicho moja wazi ikampita Dada usoni yote kwa mara moja. Alimshika mdogo wake kwa mabega, glavu zikiwa na vumbi la mpira, akamkalisha juu ya tairi lililoanguka, akapiga magoti mbele yake pale sakafuni, mbele ya watu.

"Lia," akasema. "Lia, mwanangu. Nilishakata tamaa."

Machozi hayakuwa mengi. Yalikuja kama maji ya bomba lililofungwa siku nyingi, kwanza hewa, kisha matone, kisha kutu. Dada akayapangusa kwa mgongo wa mkono wake, akamwachia weusi shavuni.

"Yule wa kwanza nilimpitisha mimi," Dada akasema. "Nilimzungusha, nikamtazama mbavu zote, nikakwambia huyu mzima, olewa. Unakumbuka? Huyu wa pili sikumtazama hata. Nilimwona na sanduku, nikachukua chaki." Akavuta kamasi. "Hajafika mbali. Gari lao huwa linachelewa."

"Nimwambie nini?"

"Mimi nitajuaje? Mwambie unaumwa. Ni habari njema hiyo, akiwa na akili ataelewa." Dada akamwinua. "Na ana chaki yangu mgongoni. Atapita mjini mtu mzima amechorwa kama tairi la kutupwa. Kamfute."

"Meza yangu..."

"Meza yako naiona. Toka hapa, mjinga wewe. Kimbia!"

Redio akawaka tena. "Kimbia, Kiganja, kabla hajapata kiwanda kingine!"

* * *

Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayejifunza miguu, akapita ghala, akapita mlinzi aliyemwuliza anakwenda wapi saa za kazi, akatoka nje ya geti. Jua lilikuwa kali. Lilimchoma machoni, na hilo nalo akalisikia.

Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake kando ya barabara, amewapa mgongo. Koti la bluu, msalaba wa njano.

"Usigeuke," Kiganja akasema.

Mgongo ukanyooka. "Ni wewe."

"Umejuaje?"

"Ukija najua umekuja."

Kiganja akaweka mkono mzima, ule usioungua, juu ya mstari wa kwanza, akaanza kufuta kutoka begani kushuka. Taratibu. Kitambaa kilikuwa kimepata joto la jua.

"Unafanya nini?"

"Nakufuta. Nilimwona Dada akikuchora asubuhi, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Sikuhisi kitu."

"Na sasa?"

"Sasa inauma. Usinipe pole, na usifurahi sana. Inauma yote kwa pamoja, ya yule na ya kwako, siwezi kuitenganisha. Nitahitaji muda."

Fundi akautazama upande wa pili wa barabara. "Sina tena kiwanda cha kukupeleka. Nikifika kwa kampuni watanifukuza."

"Hakika?"

"Hakika kabisa."

"Basi utakuwa na nafasi ya kurudi," Kiganja akasema. "Njoo nyumbani kwa Dada. Njoo mchana, watu wakuone. Uje bila sanduku."

"Atanichora tena."

"Atakuchora. Nitafuta tena."

Bega la fundi likatikisika chini ya mkono wake. Hakujua kama ni kicheko au ni kingine, na hakuuliza. Huko mbali gari la kampuni likapiga honi, likijongea. Fundi hakuinuka. Chaki haikutoka yote, kamwe haitoki yote, ulibaki ukungu wa njano juu ya bluu. Kiganja akaacha mkono wake pale pale, pumzi ya mwanamume ikiusukuma na kuurudisha, joto likimpanda hadi kwenye kiwiko. Alizoea, akitafuta kitu kwa mkono, kufumba macho. Safari hii aliyaacha wazi.